Mashirika ya mazingira na teknolojia rahisi: kazi zake watu wanazipataje?

#1 Mti_Mkavu
Wakuu, salaam. Nina shahada ya sayansi ya mazingira na sina kazi. Natafuta kwenye mashirika ya majiko banifu, sola, visima, bayogesi, miti, taka, popote wanapotengeneza kitu kinachoshikika. Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka 3 hadi 5, hata nafasi ya msaidizi. Huo uzoefu unauzwa wapi?

Dai langu ni hili: nafasi hizi zina wenyewe kabla hazijatangazwa, sisi wengine tunaitwa kurefusha foleni. Aliye ndani aje anipinge kwa hoja, siyo kwa "usikate tamaa".

#2 Chupa_Tupu
Nimekaa siti ya mbele. Walio ndani hawatakuja leo, wako kwenye warsha.

#3 Mhasibu_wa_Zamani
Nimekuja, na warsha imeahirishwa.

Mti_Mkavu, unachokiona kipo, ila sababu unayoitoa siyo yenyewe. Nimeshika vitabu vya asasi za namna hiyo kwa muda mrefu. Hela hazina mazoea ya kukaa pale, zinakuja kwa mradi: miaka miwili, mitatu, zinaisha. Mfadhili anaposoma andiko, yaani maombi ya fedha za mradi, anataka aone nani atafanya kazi, kwa hiyo wasifu wa watu muhimu unaambatanishwa mapema na andiko linapewa alama kwa sababu ya hao watu. Mradi ukipita, mtu tayari yupo. Tangazo linatoka kwa sababu kanuni za asasi zinasema litoke. Huyo aliyewekwa si lazima awe shemeji wa mkurugenzi. Mara nyingi ni yule aliyekesha akisaidia kuandika andiko bila kulipwa.

Kwa hiyo unachelewa. Wewe unaingia wakati wa tangazo, wenzako waliingia wakati wa andiko.

Na jambo la pili, angalia orodha ya mishahara ya asasi yoyote ya mazingira. Utakuta mhasibu, mtu wa manunuzi, dereva, mtunza stoo, afisa ufuatiliaji na tathmini. Mwanamazingira mwenyewe ni mmoja, na mara nyingi ndiye mwanzilishi.

#4 Bint_Sayari
Mhasibu #3 kaeleza vizuri, lakini kuna njia ya kujitolea ambayo ameipita haraka. Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa, yaani UNV, ni mpango ulioanzishwa na Baraza Kuu mwaka 1970 na makao yake yako Bonn. Wanaokwenda vituoni wanapewa posho ya kujikimu na bima, siyo kazi ya bure kama watu wanavyodhani. Kuna pia kujitolea kwa mtandao: kutafsiri, kuchora, kupanga takwimu. Huko hulipwi, ila ukimaliza unapata cheti chenye jina la taasisi iliyokupa kazi.

Mimi niliingia kwa kazi ya mtandao. Nilipanga takwimu za visima kwenye jedwali, visima ambavyo sijawahi kuviona. Walipotafuta mtu wa kudumu nilikuwa naijua ile takwimu kuliko wao wenyewe.

#5 Nyuki_Mweusi
Dada #4, hongera, lakini usiifanye kanuni. Kujitolea ni kazi ya mtu ambaye kodi ya nyumba inalipwa na mwingine. Mwaka 2015 habari ilizunguka dunia nzima, kijana aliyekuwa anafanya mafunzo ya kazi bila malipo kwenye Umoja wa Mataifa pale Geneva akalala kwenye hema. Kama Geneva hali ni hiyo, asasi ndogo yenye ofisi ya vyumba viwili itakuaje?

Na mimi yamenikuta. Shirika moja la miti, silitaji, lilituambia "baada ya miezi mitatu tutaangalia". Miezi mitatu ikiisha wanaleta kundi jingine la miezi mitatu. Kitalu chote kilikuwa kinaendeshwa na watu wanaosubiri kuangaliwa.

#6 Bint_Sayari
Nyuki, hilo la kundi jipya kila baada ya miezi mitatu ni wizi wa jasho, sibishi. Lakini usichanganye na mpango wenye posho na mkataba. Mtu aulize kabla: nani atanisimamia, na nitaondoka na nini mkononi?

#7 Fundi_Pampu
Nyote mnaongea habari za ofisini. Ngoja niongee za kisimani.

Mimi sina shahada. Natengeneza pampu za mkono na kazi haijawahi kunikatikia, kwa sababu mashirika yanapenda kuchimba na hayapendi kurudi. Wanazindua, wanapiga picha, wanaondoka. Baada ya muda maji yanapungua, hakuna anayejua kwa nini.

Nikifika sifungui kitu kwanza. Naiacha pampu ipumzike, halafu napiga mpini nikihesabu mpaka maji yatoke. Yakichelewa kufika, vali ya chini inavuja au kiungo cha bomba kimelegea, maji yameshuka yote. Yakifika haraka lakini kila mpigo unatoa kidogo, basi mpira wa pistoni umelika. Hapo ndipo aina ya pampu inapokuja. Ile India Mark II ya kawaida, kubadilisha mpira huo wa hela ndogo ni lazima unyanyue mabomba yote ya chuma kutoka kisimani, bomba baada ya bomba, na watu wa kushikilia na vibanio. Afridev ilibuniwa ili usifike huko: unavuta fito na pistoni peke yake, mabomba yanabaki shimoni, na vali ya chini unaivua kwa kifaa chenye ndoano.

Kijana mwenye shahada akija kwangu na kuniuliza "kisima hiki kina pampu gani na vipuri vinatoka wapi", nampeleka kwa mkurugenzi mwenyewe. Wengi wanaokuja wananiuliza kama jamii imehamasishwa.

#8 Chupa_Tupu
Fundi kamaliza. Mti_Mkavu, funga uzi ukanunue spana.

#9 Mti_Mkavu
Sifungi. Fundi Pampu, heshima kaka, nimekusoma mara mbili. Ila wewe uliingiaje mara ya kwanza? Nani alikupa kisima cha kwanza ukiguse?

#10 Fundi_Pampu
Nilibeba mabomba ya fundi mwingine. Kulikuwa hakuna tangazo.

#11 Msomi_Wa_Usiku
Wakuu, mnasahau historia. Haya mambo ya teknolojia mwafaka, yaani vifaa rahisi vinavyowafaa watu wa kawaida, yalianzishwa na E. F. Schumacher mwaka 1973 alipounda shirika la Practical Action, na yeye alikuwa mkulima asiyependa viwanda. Ndiyo maana mashirika haya yanataka watu wenye imani, siyo watu wa vyeti. Onyesha imani yako kwenye barua ya maombi.

#12 Mzee_Bayogesi
Msomi, kalale. Shirika hilo lilianzishwa 1966 kwa jina la Intermediate Technology Development Group. 1973 ni mwaka wa kitabu chake. Jina la Practical Action limekuja 2005, yeye kafariki tangu 1977. Na kazi yake haikuwa ukulima: alikuwa mchumi, kafanya kazi miaka 20 kwenye bodi ya taifa ya makaa ya mawe Uingereza. Makaa ya mawe! Leo angeomba kazi kwenye shirika la mazingira wasifu wake ungetupwa na mtu wa rasilimali watu kabla ya chai.

Imani kwenye barua ya maombi tunaisoma kila siku. Kila barua inaanza na "tangu utotoni nimeyapenda mazingira". Nikikuta moja inayosema "naweza kuchomelea na nina leseni ya udereva" nasimama.

#13 Msomi_Wa_Usiku
Nimesahihishwa, asante mzee. Ila hoja ya imani bado naishika. Huyo mchumi wa makaa aliingia kwa nini kama si imani?

#14 Mhasibu_wa_Zamani
Aliingia akiwa na mshahara wa makaa, ndiyo raha ya kuwa na imani.

#15 Kilowati
Tatizo la uzi huu ni kwamba mmeng'ang'ania asasi. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilihesabu ajira milioni 16.2 za nishati jadidifu duniani kwa mwaka 2023, kutoka milioni 13.7 mwaka wa kabla yake. Sola pekee ilikuwa zaidi ya milioni 7. Hizo ni kampuni, siyo wafadhili. Mti_Mkavu aache kusubiri mradi, aende kufunga paneli.

#16 Nyuki_Mweusi
Kilowati, takwimu ni sahihi lakini umeikata mkia. Karibu nusu ya hizo ajira ziko China, milioni 7.4, na nyingi ni za viwandani kutengeneza vifaa. Huwezi kumwambia mtu "kuna milioni 16" kama vile zimemwagwa mlangoni kwake.

#17 Kilowati
Sawa, lakini paneli haijifungi yenyewe ikishuka kwenye kontena. Anayejua kupima betri kwa multimita, kuchagua unene wa waya kulingana na umbali, na kuweka kidhibiti chaji mahali pasipo na joto, huyo ana kazi. Nimeona mifumo ya shule na zahanati imekufa kwa sababu ya waya mwembamba tu: umeme unapotea njiani, betri haijai hata siku moja, wanasema sola haifai.

Na kazi ya kampuni inahesabika kama uzoefu. Mashirika yanachukua watu kutoka kwetu, sisi hatuchukui kutoka kwao. Sijui kwa nini, labda wanaongea sana.

#18 Jiko_la_Udongo
Naleta mlango mwingine ambao hakuna aliyeutaja: upimaji. Mimi niko kwenye majiko banifu. Kila mradi wa jiko lazima uthibitishe kwamba kuni zinapungua, na hauthibitishi kwa maneno. Unakwenda nyumba kwa nyumba na mizani ya kuning'iniza. Asubuhi unapima rundo la kuni, unamwomba mama atumie kutoka kwenye rundo hilo tu, kesho yake unarudi kupima kilichobaki, siku kadhaa mfululizo. Kijiti unakichoma kipimo cha unyevu, kwa sababu kuni mbichi ni nzito na nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, usipopima unyevu hesabu yote ni uongo. Unaandika watu wangapi wamekula, wakubwa na watoto. Ukikuta rundo limeongezeka badala ya kupungua usishangae, kuna mtu kaleta kuni zake akaziweka juu.

Kazi hii haina heshima, ndiyo maana ina nafasi. Waombaji wenye shahada wanaikimbia wakidhani ni ya vibarua. Aliyeifanya msimu mmoja anajua mradi kuliko meneja, na ripoti ya mwisho haiandikiki bila yeye. Fedha za hewa ukaa zilipoingia, yaani wanunuzi kulipia hewa chafu ambayo mradi umeizuia, wapimaji ndio walioanza kutafutwa.

#19 Mzee_Bayogesi
Jiko, malizia na upande wa pili. Utafiti uliotoka 2024 kwenye jarida la Nature Sustainability ulikuta miradi ya majiko iliyochunguzwa inajihesabia hewa ukaa takriban mara 9 ya inayookolewa kweli. Soko likishtuka wapimaji watakuwa wa kwanza kuambiwa wapumzike.

#20 Jiko_la_Udongo
Mzee, utafiti huo naujua na ndio umeniongezea kazi. Sasa wanunuzi wanataka vipimo zaidi, siyo makadirio ya mezani. Aliyekuwa anapima kwa haki hana cha kuogopa.

#21 Mzee_Bayogesi
Aliyepima kwa haki namba zake ndizo zitakazomkera mwenye mradi. Tuonane mkataba ukiisha.

#22 Chupa_Tupu
Hawa wawili wanajuana.

#23 Bibi_Mjukuu
Habari zenu. Nimesoma hadi hapa, mnazungumza vijana na vyeti tu. Barefoot College, kule Tilonia, Rajasthan, Bunker Roy aliianzisha 1972. Wanachukua wanawake wa vijijini, wengi ni bibi, wasiosoma au waliosoma kidogo, kutoka nchi nyingi zisizoelewana lugha, na kwa miezi sita wanawafundisha kutengeneza taa na mifumo ya sola. Wanajifunza kwa rangi na kwa mikono. Vipande vya umeme vina mistari ya rangi, kwa hiyo mtu anaunganisha saketi bila kujua kusoma jina la kifaa. Roy amekuwa akieleza kwa nini bibi: kijana ukimpa cheti anaondoka kijijini kwenda mjini, bibi anabaki na taa zinabaki zinawaka.

Kwa hiyo mwanangu Mti_Mkavu, inawezekana hawakukatai kwa sababu huna uzoefu. Wanaogopa utaondoka.

#24 Mti_Mkavu
Shikamoo bibi. Hiyo ya kuondoka sikuwahi kuifikiria. Lakini na wao mkataba wao ni wa mwaka mmoja, sasa nani anamwogopa mwenzake kuondoka?

#25 Bibi_Mjukuu
Marahaba. Hapo umenishika.

#26 Nyuki_Mweusi
Bibi, mfano mzuri lakini siyo ajira. Wanaorudi na ujuzi wanategemea kijiji kichange kila mwezi ili fundi alipwe. Kijiji kikiacha kuchanga, bibi ni mjitoleaji kama sisi. Wangari Maathai alipoanza shirika lake la miti, Green Belt Movement, 1977 walau alilifikiria hilo: akina mama walilipwa kidogo kwa kila mche uliokua, siyo kwa kila mche uliopandwa. Ule mche ukifa hulipwi. Mashirika mengi ya miti leo yanalipa kwa idadi ya mashimo.

#27 Kilowati
Nakubaliana na Nyuki kwa mara ya kwanza, wasimamizi waweke alama. Ndiyo maana shirika la ApproTEC, lililoanzishwa 1991 na ambalo sasa ni KickStart, liliamua kuuza pampu za kukanyaga badala ya kugawa. Kitu kikiuzwa kuna muuzaji, kuna fundi, kuna wa vipuri. Kikigawiwa bure kuna mtu mmoja tu, wa kupiga picha.

#28 Fundi_Pampu
Kuna kitu cha bure kilichokuwa na picha nzuri kuliko vyote: ile pampu ya bembea ya kuzunguka, PlayPump. Watoto wanacheza, maji yanapanda. 2006 iliahidiwa mamilioni ya dola. Gazeti la The Guardian likapiga hesabu 2009, kufikia lengo lililotangazwa watoto wangetakiwa kucheza saa 27 kwa siku. Akina mama ndio walioishia kuizungusha. Wasomi wangapi walipitia ule mradi bila kuuliza watoto watacheza saa ngapi?

#29 Chupa_Tupu
Saa 27. Hata mimi nikiwa mtoto sikuwa na bidii hiyo.

#30 Msomi_Wa_Usiku
Narudi kwa tahadhari. Sasa hivi siyo wakati wa kawaida. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likaacha kabisa kuendesha miradi. Watu wenye uzoefu mrefu wamerudi sokoni na wanaomba nafasi zile zile za msaidizi anazoomba Mti_Mkavu. Hii nayo ni sababu, na haihusiani na mlango wala shemeji.

#31 Mhasibu_wa_Zamani
Leo Msomi umepatia, hakuna wa kukusahihisha. Nje ya misaada pia hali si nyepesi. Centre for Alternative Technology kule Wales, iliyoanzishwa na wajitoleaji kwenye machimbo ya mawe yaliyotelekezwa 1973, ilifunga milango kwa wageni wa kutwa Novemba 2023 kwa sababu ya gharama. Kozi zao za shahada ya uzamili zikaendelea. Jiulize hilo: kituo cha maonyesho kinafungwa, darasa linabaki. Kuna wakati sekta hii inafundisha watu wengi kuliko inaowaajiri.

#32 Bint_Sayari
Jamani na matapeli msiwasahau. Watu wakishakata tamaa ndipo zinapokuja barua za "umechaguliwa, lipia uchunguzi wa afya na visa". Umoja wa Mataifa hautozi ada hatua yoyote ya kuajiri, wameandika wazi. Ukiombwa hela, umeshamaliza mahojiano. Matangazo ya kweli mengi yako kwenye tovuti ya ReliefWeb na kwenye tovuti za mashirika yenyewe, yafuate huko, siyo kwenye picha inayosambazwa kwenye magrupu.

#33 Mti_Mkavu
Asanteni wote, hata mnaogombana. Naleta kitu kipya. Baada ya Jiko kuandika #18 niliwaandikia watu wa majiko ninaowafahamu kwa jina tu, sikuomba kazi, niliuliza kama wana zoezi la kupima kuni. Wamejibu jana. Wana zoezi, wanalipa nauli na chakula, mshahara hakuna, muda ni wiki kadhaa. Niende?

#34 Nyuki_Mweusi
Usiende. Mpimaji ni kazi, Jiko mwenyewe kasema ripoti haiandikiki bila yeye. Kama haiandikiki, walipe.

#35 Jiko_la_Udongo
Nenda. Mimi nilianza hivyo hivyo.

#36 Nyuki_Mweusi
"Nilianza hivyo hivyo" ndiyo sababu na wanaofuata wanaanza hivyo hivyo.

#37 Bint_Sayari
Anaweza kwenda na akajadiliana. Waambie wiki ya kwanza unajifunza kwa nauli, kuanzia ya pili unalipwa kwa kila nyumba iliyokamilika. Wakikataa umejua wao ni akina nani kwa gharama ya wiki moja.

#38 Fundi_Pampu
Aende, lakini asiwe mpimaji tu. Aangalie majiko yanapasuka wapi. Ya udongo mara nyingi hupasuka mdomoni, kuni zinaposukumwa. Akirudi na orodha ya mipasuko watamhitaji.

#39 Mzee_Bayogesi
Na takwimu abaki na nakala yake. Siku namba zikibadilika ofisini awe anajua alichokiandika.

#40 Jiko_la_Udongo
Mzee unamtisha kijana. Takwimu zina majina ya watu na nyumba zao, si mali ya mpimaji. Akitembea nazo ndiyo mwanzo wa kufukuzwa, na wenye nyumba nao wana haki.

#41 Mzee_Bayogesi
Majina ayafute, uzito wa kuni abaki nao.

#42 Mhasibu_wa_Zamani
Mnabishana juu ya takwimu wakati nauli bado. Mti_Mkavu, waulize: nauli inatolewa asubuhi kabla hujatoka, au unatumia yako halafu unadai kwa risiti? Kama ni kwa risiti, muulize na aliyekutangulia alilipwa baada ya muda gani. Na mizani ni yao, au unakuja na yako?